Apewe Chakula

Haya ni maneno niliyowaambia wasomaji waliokutana Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa kanisa huku Eastlands, Nairobi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nilichotoa ni vicheko na zile sehemu nilizopotea njia.

Mama mwenyekiti, wazazi, dada zangu, na nyinyi vijana wawili wa kiume mliojibanza kule mlangoni kama watu wanaopanga kutoroka: hamjambo? Bwana asifiwe. Na kwa kuwa humu hatukuja watu wa dini moja, asalaam aleikum.

Pale chini ya dirisha kuna beseni la mandazi lililofunikwa kwa kitambaa, na chupa tatu za chai. Tutakula nikimaliza. Wengi wenu mliyaona mkiingia, mkafurahi, mkayasahau. Lakini penye watu wengi kama hivi hakosekani binti mmoja ambaye hajayasahau. Ameshayahesabu. Anajua aketi wapi ili sahani imfikie mwisho, anajua atasema nini ikimfikia, na anajua choo kiko upande gani. Mimi ananisikiliza kwa sikio moja. La pili liko kwenye beseni. Nimeombwa nizungumzie riwaya, na nitazizungumzia, ila ninayemlenga ni huyo.

Kazi yangu ni uhariri. Watu hunitumia miswada, nami huisoma kwenye matatu, jikoni, na usiku mume wangu akishalala. Zamani miswada ya wasichana ilikuwa na hadithi mbili: aliyepachikwa mimba na aliyekimbia kuozwa. Siku hizi imeingia ya tatu. Msichana asiyekula. Au anayekula saa saba za usiku, jikoni, taa imezimwa, mkate mzima na sufuria ya wali wa jana, kisha anafungua mfereji wa bafuni ili mlio wa maji ufunike mlio mwingine. Msichana huyo ana mvulana anayempenda, na Jumapili anaimba kwaya. Mwaka jana nilipokea miswada minne ya namna hiyo, waandishi wake wote ni mabinti wadogo, na katika mitatu nilijua, kwa namna ambayo mhariri hujua, kwamba mwandishi hakubuni.

Miswada hii ina jamaa zake wa ng'ambo. Ukipita kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, wale wa kuinama, utazikuta riwaya hizo: jalada lina msichana mzungu akitazama nje dirishani, ndani anateseka na chakula kurasa 200, anakutana na kijana mpole kanisani, anaomba, anapona, wanaoana. Wasichana wetu wanazinunua kwa bei ya sahani ya chipsi, wanasoma wanalia. Siwacheki. Nilizisoma pia, nikalia pia. Lakini nina ugomvi nazo, na ugomvi huo ndio ulionileta hapa leo.

Nianze na lugha, maana huko ndiko msichana anakojificha kwanza.

Kiswahili ni lugha ya kukaribisha. Ukiwakuta watu wanakula, hata kama hawakujui, utaambiwa karibu. Na Kiswahili hichohicho kimemwekea mgeni milango ya kutokea. Kule Pwani atajibu "starehe", yakaishia hapo. Huku Nairobi tuna yetu: nimekula njiani, tumbo linanisumbua, niwekee nitakula baadaye, nafunga. Yote ni maneno ya adabu, na hakuna mtu wa heshima atakayemfuatilia aliyeyasema. Binti anayekwepa chakula hahitaji kutunga uongo. Lugha imeshamtungia.

Jina la ugonjwa ndilo hatuna. Madaktari wanasema anoreksia, yaani kujinyima chakula, na bulimia, kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Wanaotafsiri wanasema matatizo ya ulaji, maneno ambayo ukimwambia nyanya yako atadhani mtoto ana vidonda vya tumbo. Tulilo nalo sisi ni kukonda, na kukonda kwetu kulikuwa na maana nyingine kabisa. Uganda katika miaka ya 1980 waliuita Ukimwi "Slim", yaani mwembamba. Hapa kwetu, Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwezi wa Novemba 1999, matanga yalikuwa yamezoeleka mtaani kama harusi. Msichana akipungua, mama yake alimvalisha leso mbili ili majirani wasipate la kunong'ona. Na leo mabinti wa kizazi kilichoogopa kukonda kuliko kuibiwa ndio wanaoagiza majani ya chai ya kukausha tumbo na kufunga mikanda ya kubana kiuno, wakijipima na picha za simu.

Mabadiliko kama hayo huja haraka kuliko tunavyodhani. Daktari mmoja wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule huko Fiji mwaka 1995, runinga ikiwa imeingia tu katika eneo lile. Fiji ni watu kama sisi: mwili ulioshiba ulikuwa sifa ya nyumba nzima, maana ulionyesha kwamba hapa mtu analishwa. Mwaka ule hakupata hata msichana mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi mwaka 1998 akawauliza wa rika lilelile, waliokiri walikuwa asilimia 11.3. Miaka 3 tu! Sasa wekeni simu mahali pa runinga, moja kwa kila mkono.

Sitaki mseme nimelaumu simu nikamaliza. Nilichokiona mimi kwa macho yangu kilitokea kabla ya simu, katika shule ya bweni ya wasichana, miaka ya 1990, na hakuna aliyekuwa akitazama picha zozote.

Nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Bwaloni tulikaa kumi kumi. Jumapili ilikuwa siku ya chapati, na nyinyi mliopitia bweni mnajua chapati ya Jumapili ni nini: watu waliikopeshana, waliuziana, waligombana kwa ajili yake mpaka wakanuniana muhula mzima. Neema alikuwa akiikata yake kwa ukingo wa kijiko, vipande vidogo vya mraba kama stempu za barua. Anavipanga kuzunguka sahani. Anasogeza kimoja, anakirudisha. Wengine tukishamaliza na kulamba vidole, yeye amekula labda vitatu, na vilivyobaki anavigawa, akitabasamu, "Mimi nafunga." Kwa hiyo sote tulitaka kukaa meza ya Neema. Mjue na hilo. Mimi chapati zake nilizila.

Tulikuwa pamoja katika umoja wa wanafunzi Wakristo. Muhula wa kwanza tulimchagua awe mwombezi mkuu kwa sababu ya kufunga kwake. Nilisimama mimi, hivi ninavyosimama mbele yenu, nikawaambia wenzangu tuige mfano wa dada yetu aliyeushinda mwili. Watu wakasema amina. Yeye alikuwa amevaa sweta saa sita za mchana, mwezi wa Februari, jua la kupasua kichwa, na mikononi ameota manyoya laini kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Manyoya hayo sasa najua ni nini: mwili uliokosa mafuta ya kuupasha joto hujiotesha blanketi. Wakati ule tuliyacheka.

Alianguka gwaride la Jumatatu. Wakampima malaria, wakampima taifodi, wakampima mimba, kisha wakampima kile kipimo kingine ambacho hakuna aliyekitaja kwa jina. Vyote safi. Basi ikaandikwa hana kitu. Na mtu asiye na kitu anaanguka kwa nini? Akaitwa mchungaji, ikaonekana ni pepo.

Siku ya wazazi mama yake alikuja. Aliuza mboga sokoni, huyo mama, na alikuwa ameamka usiku kupika kuku mzima. Alitandika leso chini ya mti, akamtazama mwanawe akila. Neema alikula. Alikula yote, paja, bawa, mchuzi, anacheka, anapiga hadithi, mama mtu machozi yakimlengalenga kwa furaha. Mimi nilimshikia jagi Neema anawe. Halafu akaomba ruhusa mara moja, akaenda nyuma ya vyoo. Nilimsikia. Nikarudi kwa mama yake nikamwambia, "Anakuja, ameenda kuosha vyombo."

Miaka kadhaa baadaye, chuoni, nilisoma riwaya ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, *Nervous Conditions*, iliyotoka mwaka 1988. Nikafika mahali ambapo Nyasha, binti wa mwalimu mkuu wa misheni, amekonda mpaka mifupa, na wazazi wamemfikisha kwa daktari wa akili, mzungu. Daktari anasema binti huyo hawezi kuwa mgonjwa. Waafrika hawaugui hivyo. Anafanya vituko tu. Nilifunga kitabu nikakiweka chini ya mto. "Hana kitu." Ilikuwa ni sauti ileile.

Riwaya ile ndiyo kipimo changu mpaka leo, na nitawaambia sababu. Dangarembga haanzii kwenye kioo. Hakuna msichana anayejitazama akajiona mnene. Anaanzia mezani. Babamukuru, baba mtu, ni mtu mwema, msomi, mcha Mungu, amelisha ukoo mzima kwa mshahara wake, na kwa sababu hiyo kila tonge nyumbani kwake lina jina lake. Binti anaamriwa kula chakula cha baba. Anakila, kisha anakwenda kukitoa. Kukataa maneno ya baba haruhusiwi. Kilichobaki mikononi mwake ni sahani. Na mapenzi yamo: Nyasha anachelewa kuingia ndani baada ya dansi, dakika chache tu, amesimama nje na mvulana, na baba mcha Mungu anampiga kama anayepiga mwizi. Chakula, mapenzi na dini, vyote chini ya paa moja, na mwandishi hakuhitaji kuviita kwa majina.

Sisi wa Kiswahili tuna *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapwa mwaka 1971. Jina lenyewe limetoka kwenye litania ya Bikira Maria. Baba mkali, barua ya mvulana, kipigo. Ni nyumba ya Nyasha ikihamishiwa Ukerewe, isipokuwa Rosa vita vyake havikupiganwa kwenye sahani. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa sababu kilisema mambo ya mwili waziwazi. Nakipenda. Lakini tangu hapo, mnisamehe wenzangu waandishi, msichana wa riwaya ya Kiswahili akiwa na mwili, mwili huo ni wa kutongozwa au wa kuzaa. Ni mara ngapi mmemwona akiwa na njaa tu? Ana njaa, anataka kiazi, anakiogopa kiazi?

Sasa nije kwenye dini, na naomba msinipige mawe ndani ya ukumbi wa kanisa.

Kufunga ni ibada. Nafunga Kwaresima. Waislamu mlio humu mnajua kwamba hata Ramadhani mgonjwa ameruhusiwa kula, imeandikwa katika sura ya Al-Baqara. Shida ya mgonjwa huyu ni kwamba hataki ruhusa. Hakuna maficho mazuri kama mfungo: humo unajificha na bado unasifiwa. Na jambo hili ni la zamani. Katarina wa Siena, aliyezaliwa mwaka 1347, alipunguza chakula mpaka akawa anaishi kwa Komunyo na majani machache anayotafuna na kuyatema. Aliyemwungamisha alimwamuru ale, akasema hawezi. Alikufa ana miaka 33. Simpimi mtakatifu kwa mizani ya hospitali, sithubutu. Wapo wanahistoria waliobishana juu ya hilo vitabu kwa vitabu. Nasema tu kwamba yule aliyemwambia "kula" alikuwa padri, na hilo linanifurahisha.

Lakini kilichonifumbua macho ni wanaume. Mwaka 1944, vita vya pili vya dunia vikiendelea, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani aliwachagua vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili. Walikuwa wamekataa kushika bunduki, wengi wao kwa ajili ya imani yao, wakajitolea kukaa na njaa ili madaktari wajifunze namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na vita. Kwa takriban miezi 6 walipewa kama nusu ya chakula walichozoea. Basi wacha Mungu hao wakaanza kulamba sahani. Wakakusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma kitandani kama wengine wanavyosoma Zaburi. Mlo wa dakika 10 waliuvuta saa nzima na zaidi, wakichezea vipande. Wakanuna, wakalia bila sababu, hamu ya wasichana ikawatoka. Mwezi wa Julai, joto la kwao, wakaomba mablanketi.

Nilipolisoma hilo nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilimwona Neema amekaa kati yao na sweta lake. Zile stempu za chapati hazikuwa utakatifu, wala hazikuwa pepo. Njaa yenyewe, ikikaa sana, hubadilisha akili ya mtu, awe mwanamume, awe mzungu, awe amejitolea kwa moyo safi. Ndiyo sababu sura ile ninayoipata katika kila mswada, ambapo msichana anaomba usiku kucha na kuamka mzima, huirudisha kwa mwandishi. Mungu aweza yote, naamini. Lakini ubongo uliokauka bado unadai chakula, tena siku kwa siku, kwa miezi. Na chakula nacho kina hatari yake: mtu aliyekaa njaa muda mrefu ukimshindilia ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo hata wewe uliyepanga kumaliza riwaya yako kwa karamu, muulize daktari kwanza.

Kuna hadithi moja mnaijua nyote, Marko sura ya 5. Binti Yairo, aliyekufa na Yesu akamfufua. Mahubiri yake nimeyasikia labda mara 40, na kila mhubiri huishia pale pale: "Talitha, kumi", msichana anainuka, kwaya inapokea. Marko hakuishia hapo. Anatuambia umri wa msichana, miaka 12. Halafu, watu wakiwa bado wamepigwa na bumbuazi, Yesu anaamuru apewe chakula. Muujiza umekwisha, lakini yeye anawaza sahani. Nani alimpa? Baba na mama walikuwa mle chumbani; nadhani ni mama. Alimpa nini? Alikula kwa pupa, au alikitazama kwanza? Kuna aliyekaa naye mpaka akamaliza, au wote walitoka nje kushangilia? Marko amenyamaza, na mimi nawaambia waandishi wangu, hapo aliponyamaza Marko ndipo muanze kuandika. Kaeni chumbani. Watu wengine wote watoke, nyinyi kaeni.

Madaktari nao walifika huko kwa njia yao. Hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, walianza kuwatibu wasichana wenye anoreksia kwa kuwarudisha wazazi mezani: kila mlo, mzazi ndiye anayeamua kinachopakuliwa, anakaa, anasubiri, halaumu, haondoki. Ni kazi ya kuchosha mno. Haina muziki. Lakini kwa mwandishi ni dhahabu, maana mezani pale mna vita, mna upendo, mna mama anayetaka kupiga kelele na hapigi.

Mapenzi nitayapitia haraka, kwa kuwa miswada mingi inayasema mno. Kijana anamshika mkono, anamwambia, "Wewe ni mrembo hivyo ulivyo." Ukurasa unaofuata msichana anaagiza chipsi. Jamani! Ingekuwa rahisi hivyo ningewasambaza vijana hao mitaani kwa matatu. Maradhi haya hayakuja kwa kukosa sifa, na pengine ukimsifia mwili ndiyo unamkumbusha kuuchunga. Biblia ina mwanamume mmoja aliyejaribu, Elkana, mume wa Hana, mwanamke aliyekosa mtoto. Anamkuta mkewe analia na hali chakula. Anamuuliza unalilia nini, kwa nini huli? Swali zuri, laiti angenyamaza hapo. Lakini anaongeza: kwani mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Yaani njaa ya mwenzake ameigeuza kuwa habari zake. Wanawake mnaocheka naona mnawajua akina Elkana kwa majina.

Katika ile miswada minne, mmoja una kijana niliyempenda. Ni mwendesha bodaboda. Hajui la kusema, hajasoma kitu kuhusu ugonjwa ule. Anachofanya, kila jioni saa mbili anampigia simu msichana anapojua kwao wanapakua, anaiweka simu mezani kwake, naye anakula. Msichana anamsikia akitafuna ugali na sukuma. Hawazungumzii chakula hata siku moja. Sura moja nzima anamcheka tu kwamba anatafuna kwa kelele kama ng'ombe, na anapocheka, mama mtu anaona kijiko kimeingia mdomoni. Hajapona. Riwaya inaisha hajapona. Mwandishi aliniuliza kama amalizie na harusi. Nilimwambia akithubutu nitamfuata mpaka kwao.

Kuna jambo la kiufundi ambalo siwezi kuondoka bila kulisema, hasa kwenu mnaoandika. Msiweke namba. Kilo zake, kalori zake, alikula tofaa ngapi kwa siku, alitumia nini kutapika. Mnadhani mnatisha. Msomaji mgonjwa anasoma namba hizo kama mwanafunzi anavyosoma alama za aliyeongoza darasa: anataka kumpita. Andikeni baridi. Andikeni nywele zilizobaki kwenye kitana, hedhi iliyokatika, meno yanayolika kwa asidi ya tumbo mpaka chai ya moto inauma. Na msidhani kila mgonjwa ni mwembamba. Bulimia, aliyoipa jina daktari Gerald Russell huko London mwaka 1979, mwenye nayo anaweza kuwa na mwili kama wangu au wako, anacheka, anapika vizuri, huku damu yake imepungukiwa potasiamu na moyo unadundadunda. Jirani hataona. Riwaya inaweza kuona.

Najua wapo mnaosema moyoni kwamba haya ni ya watoto wa Runda, mtaa wa matajiri. Mama wa Neema aliuza mboga, nimeshasema. Lakini wasiwasi huo nauheshimu, maana una riwaya ndani yake. Mwaka 2022, pakiti ya kilo 2 ya unga ilipopita shilingi 200, mmoja wa waandishi wangu alikuwa akiishi na mama yake na wadogo zake watatu, chumba kimoja. Katika mswada wake, msichana anaficha ugali wake kwenye karatasi ya nailoni, anauweka ndani ya begi la shule chini ya vitabu, kesho yake anautupa njiani. Mdogo wake anaukuta. Mtoto wa miaka 7, amelala bila kushiba, anafungua begi la dada yake akitafuta penseli, anakuta ugali wa siku tatu umeota ukungu. Hakuna anayepiga kelele. Mtoto anarudisha zipu. Nimehariri miaka mingi na sijapata ukurasa ulionikaba koo kama ule, wala sijui nchi nyingine ambako ungeandikwa hivyo. Huyo si msichana wa dirishani. Ana ugonjwa, na juu ya ugonjwa ana dhambi ya kutupa chakula katika nyumba yenye njaa, na hawezi kumwambia padri moja bila nyingine.

Mama mwenyekiti ameninong'oneza sasa hivi akiniuliza, Neema yuko wapi. Yupo. Ana watoto wawili, anafanya kazi nzuri, na ilimchukua daktari mmoja aliyesikiliza na miaka mingi. Ugonjwa huwa unarudi, anasema, kama mgeni asiyebisha hodi, hasa wakati wa misiba. Aliniruhusu niwaeleze haya, sharti nisitaje shule.

Mwezi uliopita tulikutana kwenye kibanda kimoja karibu na kazini kwake. Tukaagiza chapo madondo. Mimi, nimezeeka hivi, bado huwa natazama mikono yake nikijidanganya kuwa sitazami. Zililetwa mbili kwenye sahani ya plastiki, moto, zinang'aa mafuta. Kijiko kilikuwepo. Alikisukuma kando, akaimega chapati kwa mkono, kipande kikubwa, kimechanika ovyo, akakitumbukiza kwenye mchuzi. Alikula karibu yote. Akasimama kidogo, akavuta pumzi, akaniambia nisimtazame kama mtihani. Tukacheka. Kipande kilichobaki akakiacha palepale, mbele ya macho yangu, bila kukikata na bila kunigawia.